Kuna Mtu Humu Ndani

Jumatatu, 3 Machi

Nimemaliza neno "some". Kwaheri, sitakukumbuka!

Leo Mhariri Mkuu amenipa "someone". Sisi humwita Bwana Nukta, kwa kuwa hakuna sentensi anayoiacha iende zake bila kuikatiza mahali. Amesimama mbele ya meza yangu, akasema taratibu, hili linaonekana jepesi. Linaonekana jepesi kweli. Mtu. Mtu fulani. Nimemaliza, naomba likizo!

Ila kamusi yetu ina masharti. Neno ni la Kiingereza, mifano ni ya Kiswahili, na mfano hautungwi. Kila maana lazima ipate sentensi iliyosikika kwa masikio, iliyomtoka mtu hai akiwa na shida zake mwenyewe, asijue kwamba kuna kamusi. Ijumaa tunazisoma kwa sauti, kwa mwendo ule ule tuliousikia. Wenzako wakiridhika wanagonga meza. Wasipogonga, sentensi inazikwa hapo hapo na wewe unarudi mitaani kutega masikio.

Mchana wote nimeshika tama dirishani. Huyu "someone" ni nani hasa? Kwenye vitabu vya Kiingereza tulivyosomea shuleni alikuwa kila mahali. Ndiye aliyebisha hodi. Ndiye aliyesahau mwavuli. Ndiye aliyekula keki isiyo yake, na hakamatwi! Nikamwona — nilimwona kabisa — anapanda ngazi za ofisi yetu, koti limelowa, na pale penye uso pana mwanga tu, hafifu, wa dirisha lililofungwa pazia. Akapita mlangoni kwangu akaendelea kupanda. Na sisi ndio tuko ghorofa ya mwisho. Nikabaki nasikiliza viatu vyake juu ya dari mpaka jirani yangu wa meza aliponigusa bega. Muda wa kwenda nyumbani, we mwotaji.

Nyumbani, kimya. Kile kile cha jana.

Niandike ilivyokuwa, nisije nikachanganya baadaye. Wifi yangu amejifungua. Mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza. Mama ni mkunga mstaafu, ameogesha watoto wa watu tangu mimi sijazaliwa, na tangu habari zifike alikuwa anangoja aitwe. Anangoja. Ameshafua nguo za safari, anangoja. Haitwi. Jana akapiga simu mwenyewe. Wifi akampa pole ya magoti — tulisikitika sana kusikia huwezi safari, Mama. Mama akasema, magoti gani? Nani kasema? Kaka akachukua simu akaanza kujiumauma: aah, kuna mtu alipokea simu yako siku ile, akasema huwezi.

Kuna mtu! Humu ndani tuko watatu. Mimi mchana niko kazini. Mama hawezi kupokea simu yake akajikataza safari. Na Baba alikuwa amekaa pale pale, ananoa wembe kwenye mkanda, amejitia hamnazo.

Mama hakugomba. Alikata simu, akautazama ukuta, akasema kumbe kuna mtu humu ndani anayajua magoti yangu kuliko mimi. Toka hapo hamsemeshi Baba.


Jumanne, 4 Machi

Chai ya asubuhi. Baba huku, Mama kule, mimi katikati.

Baba, akiliambia birika: "Kuna mtu atataka sukari?"

Mama, akinitazama mimi: "Mwambie mtu sukari najua inapokaa."

Wamekaa karibu mpaka viwiko vinagusana! Nikaanza, Baba, Mama anasema — Baba akanikata: "Nimesikia." Nikacheka peke yangu. Hakuna aliyenisaidia kucheka.

Njiani ndipo kikanijia. Hiyo ni sentensi! Imetoka moto moto, mwenye shida yake, hajui kamusi. Mtu ambaye unamjua fika, yuko mbele yako, na bado unamwita mtu. Kwenye kamusi zote tulizo nazo ofisini hiyo maana haimo. Nilikaribia kukimbia.

Mpaka jioni nilikuwa nimepata hizi: mtu usiyemjua (kuna mtu amegonga). Mtu yeyote, ilimradi ana mikono (jamani, mtu anishikie hapa). Mtu mwenye cheo — niliisikia kwa mama mmoja dukani akimkaripia mwanawe: soma, uje uwe mtu. Na mtu wa moyo. Hiyo nimeletewa mezani. Jirani yangu aliinama akaninong'oneza, hivi wewe una mtu? Nikaiandika haraka haraka. Akasema, mimi nimeuliza kweli, usiniandike! Nikamwambia sina. Nikaliandika na jibu. Kumbe jibu lenyewe ni la "nobody", na herufi N si yangu, ni ya wale wa ghorofa ya chini.


Alhamisi, 6 Machi

Nimetoka kazini mapema. Mvua za rasharasha, taa za barabarani zimewashwa mchana, kila kitu kinaonekana kama kupitia kioo cha bafuni chenye mvuke. Nilitembea polepole makusudi.

Baba ni kinyozi. Duka ni chumba chetu cha mbele; kati ya duka na sebule kuna pazia tu. Na Baba anaongea! Mteja hawezi kujibu, wembe uko shingoni, kwa hiyo Baba anaongea kwa niaba ya wote wawili. Mpira, bei, ndoa za watu, magonjwa ya ng'ombe ambao hajawahi kuwafuga. Watu wanatoka mbali kuja kunyolewa na maneno yake. Mtu huyo huyo akivuka pazia anakuwa bubu. Ulimi anauacha kule pamoja na brashi.

Leo kwenye kiti alikuwa dereva wa lori, mteja wa siku nyingi, povu mpaka masikioni. Nimeingia kwa mlango wa nyuma, Mama yuko sebuleni anapiga pasi. Nikamsikia Baba, sauti ameipandisha ivuke pazia:

"Dereva, hebu niulizie. Huko ndani kuna mtu ameniwekea maji ya moto?"

Dereva akaona ni mzaha, akaitikia: "Shemeji! Eti kuna maji ya moto?"

"Mwambie mtu yapo jikoni," akasema Mama, pasi haikusimama. "Ayafuate. Magoti yake nasikia ni mazima."

"Anasema yapo jikoni, uyafuate, magoti —"

"Nimesikia. Tuliza kichwa."

Nilijibanza nyuma ya kabati nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Hakwenda kuyachukua. Alimnyoa dereva kwa maji ya baridi, na dereva maskini alikuwa anasisimka kila wembe ukigusa. Sentensi nimeinasa yote, na sauti zake.

Baadaye, mezani, kicheko kilinikauka. Mama aliweka kijiko chini. "Mwanangu, mwambie mtu kaka yako amenitumia tiketi. Naondoka Jumamosi ya wiki ijayo, asubuhi."

Sikuwa na cha kupeleka. Baba alikuwa ameshasikia, mkono umesimama katikati ya sahani na mdomo. Aliutazama wali. Halafu akauambia: "Sawa."


Ijumaa, 7 Machi

Nimesoma. Nimeigiza sauti zote tatu — Baba akipandisha sauti, dereva na povu lake, Mama na pasi. Ofisi nzima ilicheka. Jirani yangu alifuta machozi. Meza zikagongwa mpaka chai ikamwagika.

Bwana Nukta hakugonga.

Aliuliza, huyo mtu ni nani? Nikasema ni mama yangu. Na anayemwita mtu? Baba yangu. Vicheko vikakatika njiani, kila mmoja akapata kazi ya kutazama kalamu yake. Bwana Nukta akasema basi sentensi si ya hapa. "Someone" ni asiyejulikana. Huyu anajulikana mpaka magoti.

Nikasimama. Mimi! Mimi ambaye mkutano ukiisha huwa naulizia umeamua nini. Nikasema hapana, huyu naye ni "someone", na anastahili nafasi yake. Ukisema kuna mtu amenuna, na aliyenuna yuko mbele yako, hujasahau jina lake. Unalijua mno. Limekukaa mdomoni la moto, huwezi kulitema wala kulimeza, ndipo unasema mtu.

Nilikuwa nimepandisha sauti. Kwa kamusi tu?

Bwana Nukta akavua miwani akaifuta. Akasema nilete ya nyumba nyingine. Ya nyumba moja inaweza kuwa ugonjwa wa nyumba hiyo.

Nimerudi kwa miguu. Sikujisikia vizuri. Nilimwiga Baba vizuri mno, na watu wasiomjua wamemcheka, na yeye wakati huo alikuwa dukani anamnyoa mtu bila habari.


Jumapili, 9 Machi

Mvua tangu alfajiri. Duka limefungwa. Baba katoka bila kusema anakwenda wapi, ameacha mwavuli.

Nimelala chali kitandani kwa Mama huku anapanga sanduku, nguo zinanizunguka pande zote. Tangu utoto ndiyo raha yangu — Mama apange kitu, mimi nilale katikati yake, nizikwe kidogo kidogo. Mvua inapiga bati la jirani. Macho yalikuwa yanakwenda na kurudi. Kuna wakati nilimwona kijana wa kike mwenye aproni nyeupe amesimama pale penye Mama, ameshika kitoto kilicholowa. Nikafumbua macho, ni Mama na blauzi yake.

Alikuwa anaongea. Sijui alianza saa ngapi. Alikuwa anasema kwamba watoto wote wale, kazi yake ilikuwa kuwapokea, kuwaogesha, kuwafunga vizuri, na kuwapa wenyewe. Halafu mlango unafungwa. Na yeye yuko upande huu wa mlango. "Huyu mmoja sitampa mtu. Nitamwogesha mpaka nichoke."

"Utarudi lini, Mama?"

Akaikunja blauzi. Akaikunjua. Akaikunja tena.

"Hilo haliko kwangu."

Nikaketi. Usingizi uliruka.

Akasema nimsikilize vizuri, na nisimkatize kwa mizaha yangu. Haendi kwa hasira. Angeitwa kwa heri angekwenda kwa heri, akakaa mpaka mtoto aote meno, akarudi kwake. Lakini alisemewa. Alikuwa jikoni, na mtu yuko sebuleni anasema kwa niaba yake hawezi. Hakuulizwa. Alifanywa hayupo, ndani ya nyumba yake, sufuria yake motoni!

Nikamwambia, Baba aliogopa kubaki peke yake.

"Najua! Unafikiri sijui?" Alisema kwa sauti, halafu akaishusha. "Mimi namjua kuliko wewe. Lakini aniambie mimi. Anitazame, aseme, naogopa. Neno lenyewe si refu. Akinisemesha kabla sijatoka mlango ule, nitarudi. Asiponisemesha, nitabaki huko huko. Kaka yako ana chumba."

Nikauliza, hata akikutumia ujumbe kupitia kwangu, hutarudi?

"Nimechoka kutumiwa. Na wewe usimwambie haya. Nakukataza. Ukimwambia atasema kwa kuwa kaambiwa, na mimi nitajua. Sauti yake naijua."

Basi. Siku zote hizi nimebeba sukari, maji ya moto na upuuzi wote. Moja tu lenye maana, na hilo nimekatazwa kulibeba.

Baba amerudi jioni amelowa chapachapa. Mama akauambia mlango kwamba kuna mtu ataugua mapafu. Kisha akaenda akamtolea taulo, akaliweka kwenye kiti kilicho mbali naye.


Jumatatu, 10 Machi

Sijamwambia. Nilifungua mdomo mara kadhaa. Mara moja alisema, nini? Nikasema nimesahau.

Kazini sikufanya kitu. Mvua imekwisha, jua la njano limejaa ofisini, vumbi linapanda na kushuka. Nililifuata kwa macho mpaka ikafika saa ya kutoka.


Jumanne, 11 Machi

Nilikuwa nashuka ngazi, Bwana Nukta anapanda. Akasimama ngazi moja chini yangu. Akasema ile sentensi ya nyumba nyingine ameipata.

Nikauliza, kwa nani?

"Kwangu." Marehemu mkewe. Kila asubuhi, anasema, mkewe alikuwa akiamka wa kwanza, anamkuta amelala na miwani usoni na karatasi kifuani. Anamvua taratibu, anasema: "Kuna mtu amelala na miwani tena."

Aliisema kwa sauti ile ile ya mkewe, nadhani. Ilikuwa nyembamba, na ina usingizi. Sikujua kama Bwana Nukta ana sauti ya namna hiyo.

Nikasema, na wewe ulikuwa unamjibu nini?

Alishika chuma cha ngazi akakitazama. Akasema hakuwahi kumjibu. Alikuwa macho kila siku. Alikuwa anajifanya amelala ili asikie mpaka mwisho, akifikiri atamjibu siku nyingine.

Halafu akaniambia koma haikai pale nilipoiweka kwenye maana ya pili, akapanda zake. Nimelia kidogo kituoni. Mwanamke mmoja akanipa kitambaa cha karatasi bila kuuliza. Mtu tu. Sijui ni nani.


Jumatano, 12 Machi

Leo Baba aliniita dukani. Hakuna mteja. "Kaa nikupunguze kisogo, umekuwa msitu." Nywele zangu fupi, ananinyoa tangu utotoni. Nikakaa, akanifunga shuka shingoni, akasukuma kichwa changu mbele. Mkasi ukaanza kuimba. Nilikuwa karibu kusinzia, kama kawaida yangu.

"Mwambie mtu," akasema.

Mkasi ukasimama. Kwenye kioo nilimwona anatazama kisogo changu tu.

"Mwambie bila yeye humu ndani sijui hata taulo zinakaa wapi."

Mkasi kidogo. Ukasimama tena. Na maneno yakaanza kutoka, yale ya wateja, yanafuatana, ila kwa sauti ya chini. Nimwambie kwamba siku ile simu ililia, akaipokea kwa nia njema kabisa. Kaka akasema, tunamtaka Mama, hata kwa mwaka. Yeye akageuka, akaona kile kiti chake cha pale sebuleni, hayupo, yuko jikoni, na kiti kitupu. Mdomo ukasema wenyewe. Baadaye akaona haya kuyarudisha maneno. Kila siku akajiambia kesho. Nimwambie anaogopa. Mtu mzima mwenye mvi! Nimwambie asicheke.

Yote yalikuwa pale. Kila neno analolitaka Mama, limedondoka mapajani mwangu pamoja na nywele. Ningeinuka, hatua kumi, pazia, sebule, namkabidhi. Na lingekuwa ujumbe.

"Baba, hilo sipeleki."

"Eh?"

"Sipeleki."

Akanitazama kwenye kioo kwa mara ya kwanza. Akasema, mbona mengine umepeleka? Sukari ulipeleka. Nikasema hii siyo sukari. Akasema yeye ni baba yangu ananiomba. Nikasema naelewa, Baba. Nilitaka kumwambia — kaseme mwenyewe, ndicho anachongoja! Nikauma ulimi. Nimekatazwa.

Akalivuta shuka, akalikung'uta kwa nguvu, nywele zikaruka hadi dirishani. "Basi. Nenda."

Sijawahi kumwona na uso ule. Nimeingia chumbani nikajifungia. Ndipo nikajigusa kisogo. Amenikata upande mmoja tu.


Alhamisi, 13 Machi

Nilisinzia ofisini baada ya chakula. Nikaota yuko dukani kwetu, yule wa koti lililolowa, amekaa kwenye kiti. Baba anampaka povu pale penye mwanga, polepole, anazunguka brashi. Hakuna anayeongea. Povu likakaa, likachukua sura — hapa pua, hapa kidevu. Baba akachukua taulo afute. Nikajua akifuta tutamwona ni nani. Nikaamka.

Jirani yangu ananichekea kisogo tangu asubuhi. Nimemwambia ni mtindo mpya.

Nyumbani leo hakuna aliyenituma. Hata sukari. Sanduku limesimama ukumbini, limefungwa.


Ijumaa, 14 Machi

Imepita! Maana ya tano: mtu anayejulikana na wote, yupo hapo hapo, ambaye msemaji anashindwa kumwita. Nimesoma sentensi mbili. Ya kwangu nimeisoma bila kuiga sauti, kavu. Ya pili Bwana Nukta aliisoma mwenyewe, na aliposhusha karatasi ndiye aliyekuwa wa kwanza kugonga meza, kidogo, kwa kidole. Hakuna aliyecheka leo.

Nilidhani nitafurahi. Wiki mbili nimemsaka mtu huyu na sasa amepata mistari yake minne. Nilikaa nikaitazama. Ni mizuri. Haisaidii chochote.

Nimefika nyumbani kabla ya jua kuzama. Mama kaenda kuwaaga majirani. Nikasikia Baba anaongea dukani, nikafikiri ana mteja. Nikasogeza pazia kidogo.

Kiti kitupu. Amekifunga shuka jeupe vizuri, amelikaza pale ambapo shingo ingekuwepo. Amesimama nyuma yake na kitana mkononi, anakiambia:

"Wewe."

Akakohoa.

"Wewe... mimi siku ile..."

Akatikisa kichwa. Akalichana lile shuka kwa kitana! Akaanza upya. "Wewe, sikiliza." Akafika mpaka "mimi naona" akakwama, akaanza upya tena. Baba yangu! Anayewamaliza madereva wa lori kwa maneno! Nilisimama pale nikashika pazia kwa mikono miwili. Nilimpenda sana, na nilitaka kumpiga kwa ufagio.

Akaniona kwenye kioo.

"Nafanya mazoezi ya wimbo," akasema.

"Endelea, Baba. Sauti inapanda vizuri."

Mama aliporudi, shuka lilikuwa limekunjwa kabatini na Baba yupo mezani anasoma gazeti la juzi. Tukala. Hakuimba.


Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi. Naandika haraka, nimekaa chini, mgongo kwenye mlango wa chumba changu.

Teksi imeagizwa. Mama amevaa, amefunga kilemba, amekaa juu ya sanduku lake pale dukani karibu na mlango wa nje. Hakutaka kiti. Baba amesimama kwenye kabati la brashi. Amezipanga brashi zote. Amezipangua. Amezipanga. Na mimi nilikuwa katikati yao, na mfuko wa mikate ya safari.

Baba akaiambia dari: "Mwambie mtu huko asubuhi kuna baridi. Muulize kama amechukua sweta."

Mama akanitazama. Baba naye akanitazama. Wote wawili! Wananingoja! Mikate ilikuwa bado ya moto, inaniunguza tumbo. Maneno yalikuwa tayari mdomoni — Mama, Baba anauliza — ni mepesi, ningeyasema na teksi ingefika na tungeagana vizuri, kistaarabu, na kila kitu kingekwisha.

Nikaweka mfuko juu ya kiti cha kinyozi. Nikasema nimesahau funguo zangu. Nikaingia ndani, nikafunga mlango.

Funguo ninazo mfukoni.

Nasikia sanduku linalia Mama akijigeuza. Nasikia maji ya bomba la dukani. Amefungua bomba! Ananawa nini? Amefunga. Mtu aseme kitu, jamani! Mmoja wenu, yeyote!

Teksi. Imesimama nje, mlango wa gari umefunguliwa. Honi. Dereva anauliza kama ni hapa. Hajibiwi.

Hatua. Ni za Baba, anaburuza kiatu cha kulia. Zimekwenda upande wa mlango wa nje. Zimesimama.

Anaongea. Ni Baba — anaongea! Sauti iko chini kabisa. Nimebana sikio kwenye mlango na siyapati maneno. Wiki mbili hizi kila kilichosemwa humu ndani kilisemwa kwa sauti ya kunifikia mimi, na hiki hakinifikii. Ni kirefu. Kimekatika. Kimeendelea.

Amenyamaza.

Mama hajajibu. Au amejibu, na lake pia silisikii.

Honi tena, ndefu. Nimeshika kitasa. Hakuna aliyeniita.